Nani Amesema? Kuandika Historia ya Ukoo Pale Ambapo Vyeti Havipo

Wengi wakiamua kuandika historia ya ukoo wao huanza kwa kuchora mti. Babu anawekwa juu, mistari inashushwa, na baada ya juma moja karatasi imejaa majina. Miaka kumi baadaye hakuna anayejua jina lipi lilitoka kwenye cheti, lipi lilitajwa na shangazi, na lipi mchoraji alilikisia tu ili nafasi isibaki tupu. Yote yanaonekana sawa, na kosa moja likigundulika hujui pa kuanzia kulitafuta.

Mti uwe kazi ya mwisho. Kazi ya kwanza ni daftari. Chukua kaunta buku nene, piga safu tano: maelezo yenyewe, yanamhusu nani, nani ameyasema, amejuaje, na aliyasema lini na wapi. Safu ya nne ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Anayesema "nilikuwepo" hana uzito sawa na anayesema "nilisikia kwa mama", na huyo naye si sawa na anayesema "mbona inajulikana". Wazee wawili wakipingana, andika kauli zote mbili, kila moja kwenye mstari wake, uendelee. Mara nyingi baadaye hubainika kuwa wote walikuwa sahihi, ila walizungumzia watu wawili wenye jina moja.

Hilo la majina kujirudia linahitaji dawa mapema. Mtoto hupewa jina la babu, mjukuu wa ndugu yake naye hupewa hilo hilo, na ukoo mmoja unakuwa na Juma Saidi watatu. Wagikuyu wana mpangilio unaojulikana: mwana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Mpangilio huo husaidia kubashiri jina la babu usiyemjua, lakini pia huzalisha wajukuu wengi wenye jina moja ndani ya miaka michache. Basi kila mtu mpe namba. Wewe ni 1, baba 2, mama 3. Baba wa mtu yeyote ni namba ya mtu huyo mara mbili. Mama ni mara mbili ukijumlisha moja. Babu mzaa baba ni 4, bibi mzaa baba 5, babu mzaa mama 6, bibi mzaa mama 7. Mama wa babu mzaa mama ni 13, hata kama jina lake hujalipata. Nafasi ina namba, na nafasi tupu inakuonyesha unachopaswa kwenda kuuliza.

Kuuliza wazee

Usiende na ombi la "nieleze historia ya ukoo wetu". Mzee atakupa hotuba aliyozoea kuitoa kwenye vikao, yenye mababu mashujaa na safari ndefu kutoka mbali, na humo hutapata jina la mwanamke hata mmoja. Mwombe akuchoree boma alimokulia. Nyumba ya nani ilikuwa upande upi, jiko la mke mkubwa lilikuwa wapi, vijana walilala wapi, kaburi lililo chini ya mwembe ni la nani. Kwenye ramani ya boma hujitokeza wake wenza, watoto wa kulelewa, mjane aliyerithiwa na wageni waliohamia wakabaki, yaani watu wote ambao hotuba huwaacha nje.

Kisha orodhesha watoto kwa tumbo, si kwa baba. Kila mama na wanawe, kwa mfuatano wa kuzaliwa. Ukiona pengo la zaidi ya miaka minne kati ya mtoto na mtoto, uliza kwa upole: "Baada ya huyu, kabla ya huyu, hakukuwa na mwingine?" Hapo ndipo hutajwa watoto waliofariki wachanga, au mwaka ambao baba alikuwa kazini mbali. Mzee akinyamaza, ruka. Andika "pengo, hakujibiwa".

Maneno ya undugu nayo yachunguzwe. Akisema "baba", inaweza kuwa baba mdogo aliyemlea. Akisema "ndugu yangu", inaweza kuwa mtoto wa shangazi. Swali linalotegua kitendawili ni moja: "Mlichangia baba na mama, au mmoja wao?" Kuna pia majina ambayo mtu hawezi kuyatamka. Kwa Wanyakyusa, kwa mfano, mke hakutakiwa kulitaja jina la baba mkwe, kwa hiyo bibi aweza kulijua vizuri na bado asikuambie. Muulize binti yake. Na kama watu wako ni Waluguru, Wamakonde, Wamwera au Wayao, ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa mama, ukitumia mchana mzima kuwahoji upande wa baba umekosa mlango. Nenda kwa mjomba.

Kuna wanaoamini kuwa anayeuliza habari za mababu anatafuta shamba. Ni hofu yenye msingi, maana mirathi imegombanisha koo nyingi. Sema mapema, mbele ya watu wawili au watatu, kwamba unachokusanya kitasomwa na wote, na usianze kuuliza mipaka ya viwanja. Usihoji wakati wa msiba mbichi. Siku ya arobaini au ya kuondoa tanga ni nzuri zaidi, kwa kuwa watu wa mbali bado wapo na machozi yamepungua.

Simu inatosha kurekodi. Iweke kwenye hali ya ndege ili isiite katikati, ilaze juu ya khanga iliyokunjwa ili meza isitingishe maikrofoni, umbali wa shubiri moja na nusu kutoka kwa msemaji. Rekodi dakika moja ya majaribio na uisikilize. Redio ya jirani, feni na kuku huonekana kitu kidogo ukiwa pale, lakini kwenye sauti hufunika jina lenyewe ulilolifuata. Mvua juu ya bati ndiyo usishindane nayo kabisa, ahirisha. Mwanzoni taja tarehe, mahali, jina la anayezungumza, na umsikie mwenyewe akikubali kurekodiwa. Saa moja ya MP3 ya kilobiti 128 huchukua megabaiti 58 hivi; WAV ya kawaida ya chaneli moja huchukua zaidi ya megabaiti 300. Kama nafasi ipo, tumia WAV. Saa moja yatosha kwa mzee wa miaka themanini, hata kama yeye mwenyewe anataka kuendelea. Kunakili mazungumzo yote neno kwa neno ni kazi ya saa nne hadi sita kwa kila saa moja ya sauti, na hapo ndipo wengi huachia njiani. Anza na faharasa: dakika ya 5 anataja nani, dakika ya 12 anasimulia nini.

Kupata mwaka bila cheti

Sheria ya kusajili vizazi na vifo Tanganyika ni ya mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu haikuwalazimu Waafrika walio wengi. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho cha mzee kwa hiyo ni kauli kama kauli nyingine. Ukiona 1 Januari au 1 Julai, shuku kwamba karani alipewa mwaka tu, siku akaijaza mwenyewe. Na umri nao huenda ulipunguzwa ili mtoto aonekane bado mdogo wa kuanza shule, au baadaye ili kustaafu kusogee mbele. Wapo wengi ambao umri wao rasmi ulitokana na mkono kupita juu ya kichwa na kushika, au kutoshika, sikio la upande wa pili.

Njia inayofanya kazi ni kuweka maisha ya mtu kati ya matukio yenye tarehe. Tengeneza kalenda ya eneo lenu, si ya nchi nzima. Wafugaji wa kaskazini wana sotoka, tauni ya ng'ombe, ya mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kusini wana Maji Maji, 1905 hadi 1907. Reli ya Kati ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Nyota yenye mkia ilionekana 1910. Ugogo wana njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi kuchukua chakula, mifugo na wanaume, kisha mvua ikakosekana. Rupia ilitoweka 1920 na 1921 ikaja shilingi. Kongwa, Urambo na Nachingwea wanaukumbuka mpango wa karanga wa 1947 hadi 1951. Lindi wana kimbunga cha Aprili 1952. Kenya ya kati ina hali ya hatari, 1952 hadi 1960. Zanzibar kuna Mapinduzi ya Januari 1964; bara kuna Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976, na vita vya Kagera, 1978 na 1979.

Sasa chukua mfano. Bibi wa Ugogo, kitambulisho kinasema 1 Julai 1928. Yeye anasema nzige walipokuja alikuwa tayari anachunga mbuzi. Mtoto huanza kuchunga mbuzi akiwa na miaka sita hadi tisa hivi. Ukichukua nzige wa 1929 hadi 1931, amezaliwa kati ya 1920 na 1925. Lakini nzige hawakuja mara moja; waliendelea kurudi hadi katikati ya miaka ya 1940, kwa hiyo tukio moja halitoshi. Muulize kuhusu waliomtangulia na waliomfuata. Anasema kaka yake, aliyemwachia ziwa, alizaliwa wakati wa Mtunya. Kama aliachishwa na kufuatiwa kwa nafasi ya kawaida ya miaka miwili hadi mitatu, bibi anaangukia kati ya 1919 na 1923. Makutano ya njia hizo mbili ni 1920 hadi 1923. Mtoto wake wa kwanza alibatizwa mchanga mwaka 1941: bibi angekuwa na miaka kumi na minane hadi ishirini na mmoja, jambo la kawaida. Kwa tarehe ya kitambulisho angekuwa na kumi na tatu.

Andika "kati ya 1920 na 1923", na chini yake hoja zote tatu. Usiandike 1922 eti ni katikati. Namba moja iliyonyooka hudanganya zaidi ya nafasi ya miaka minne, kwa sababu atakayeikuta atadhani ilitoka kwenye karatasi.

Tarehe za Kiislamu zina hesabu yake. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622: mwaka 1322 unakuwa kama 1904. Umri nao hubadilika. Aliyehesabiwa miaka sabini ya mwezi ana kama sitini na minane ya jua. Kwa hati za zamani za pwani, barua, wakfu na ndoa zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, tofauti hiyo ndogo hujilimbikiza vizazi vinapopangwa.

Karatasi zilipojificha

Kabla ya kufikiria nyaraka za taifa, kusanya wasifu wa marehemu zinazosomwa makaburini. Ni chanzo ambacho kila ukoo unacho na karibu kila ukoo unakitupa. Ukurasa mmoja au miwili hutaja wazazi, shule, ajira, ndoa, watoto na ugonjwa. Lakini jua ulivyoandikwa: usiku mmoja, na watu wenye majonzi, chini ya macho ya mjane. Ndoa ya kwanza hupotea, watoto wa nje hupotea, waliotangulia kufa hupunguzwa kuwa idadi, na umri huandikwa kwa kitambulisho. Kilichomo kichukue, kilichokosekana usidhani hakikuwepo. Kenya, matangazo ya vifo magazetini hufanya kazi hiyo hiyo, na mara nyingi hutaja ndugu, wakwe na wajukuu kwa majina.

Cha pili ni muhtasari wa kikao cha ukoo cha kupendekeza msimamizi wa mirathi, ule unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo. Una orodha ya warithi, waliohudhuria na saini zao. Hapo watoto waliofichwa kwenye wasifu hujitokeza, kwa kuwa wanadai haki. Nakala hubaki kwa msimamizi, na nyingine kwenye jalada la mahakama.

Kwa familia za Kikristo hakuna kinachoshinda vitabu vya ubatizo. Bagamoyo misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilianza 1868, Masasi misheni ya Waanglikana 1876, Rungwe Wamoraviani 1891, Kilimanjaro Walutheri wa Leipzig 1893, Peramiho Wabenediktini 1898. Kitabu cha Kikatoliki cha zamani kiko kwa Kilatini: Joannes ni Yohane, Jacobus ni Yakobo, "circa" mbele ya mwaka maana yake padre alikisia. Usiishie kwenye mstari, soma pembezoni. Sheria ya Kanisa inataka ndoa na kipaimara viandikwe pembeni ya ubatizo wa mhusika, hivyo pembe moja inaweza kukupa jina la mke na parokia walikofungia ndoa. Andika pia msimamizi wa ubatizo, maana mara nyingi ni jamaa. Usimwendee paroko na ombi la kupekua vitabu. Mpelekee jina la ubatizo, jina la baba, na nafasi ya miaka mitano, kisha mwachie atafute siku ambayo si Jumapili.

Majina yaliandikwa na masikio ya kigeni. Mjerumani aliandika Muansa na Udjidji. "Tsch" yake ni ch, "dsch" ni j, "j" ni y, "sch" ni sh. Mfaransa aliandika "ou" kwa u. Usipolipata jina kwenye orodha, litamke kama angeliandika mgeni, utafute tena.

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya Wajerumani na Waingereza. Kwa mtu wa kawaida pa kuanzia ni Vitabu vya Wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika habari za koo za watawala, mipaka na mila za kila wilaya. Visome kwa tahadhari: ofisa alimsikiliza jumbe, na jumbe alikuwa na sababu za kurefusha nasaba yake. Zanzibar kuna Nyaraka zilizoko Kilimani, hazina kwa habari za wakfu na mahakama; Kenya jengo liko Moi Avenue, Nairobi. Picha nyingi za misheni ya Leipzig, za Kilimanjaro na Meru, zinatazamwa bure kwenye hifadhi ya picha za kimisheni ya Chuo Kikuu cha Southern California.

Kama babu alikwenda vita vya kwanza kama mpagazi asirudi, usitegemee kaburi lenye jina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Jina lake litabaki kwenye daftari lako, kwa hiyo liandike na kijiji alichotoka na aliyemwona akiondoka.

Manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, ni kisa kingine kigumu. Waliochukuliwa Kigoma, Songea au Burundi wakabaki Tanga mara nyingi walibadili jina au kabila ili waishi kwa amani. Uliza nyimbo za ngoma walizocheza, watani wao walikuwa nani, na walimzikaje mtu. Mtu hubadili jina kwa mara moja. Utani haubadiliki upesi.

Utumwa ndio unaofichwa zaidi. Hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria Zanzibar 1897, pwani ya Kenya 1907 na Tanganyika 1922, kwa hiyo wapo walio hai waliolelewa na mabibi waliozaliwa chini yake. Ukilipata jambo hilo liandike kwa ukamilifu, lakini lisitoke kwenye daftari bila idhini ya tawi linalohusika. Nasaba ndefu inayokwenda moja kwa moja hadi Uajemi au Uarabuni nayo iwekewe safu ya nne kama nyingine: amejuaje?

Kuhifadhi

Adui wakubwa ni unyevu, mchwa, na mapenzi yasiyo na elimu. Picha au cheti halisi kisipigwe laminesheni. Joto na gundi huingia kwenye karatasi, na hakuna fundi atakayeitoa. Laminisha nakala. Selotepu hugeuka njano na kula wino. Pini na klipu hupata kutu. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini pembeni, usibonyeze. Kalamu ya wino hutokea mbele. Picha iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiibandue, ipige pamoja na kioo chake. Iliyogandia kwenye albamu ya gundi, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake polepole kutoka pembe moja.

Skana picha za kawaida kwa dpi (nukta kwa inchi) 600. Pasipoti ndogo, ambayo mara nyingi ndiyo picha pekee ya bibi, stahili yake ni 1200. Ya milimita 35 kwa 45 hutoa pikseli karibu 1650 kwa 2130, ya kutosha kuikuza ukutani. Barua na vyeti 300 zatosha, rangi kamili, pande zote mbili hata kama nyuma ni tupu. Bila skana, tumia simu karibu na dirisha, bila flashi, kamera ikiwa sambamba na karatasi. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa, na anayepokea atadhani ndiyo halisi.

Faili lianze na mwaka: 1962-00-00_Tanga_harusi_namba-4-na-5. Sifuri zinaonyesha mwezi na siku havijulikani, na kompyuta itapanga kwa mfuatano. Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mji mwingine. Flashi ya USB ya kuhifadhia mafaili usiitegemee peke yake: ikikaa miaka bila umeme hupoteza data, na sokoni zimejaa zenye ukubwa wa uongo. Ijaze yote siku ya kununua, ufungue mafaili ya mwisho, yasipofunguka, irudishe.

Halafu chapisha, kwa printa ya leza, maana wino wa maji huyeyuka kwenye unyevu wa pwani. Nakala moja iende kijijini, kwenye kisanduku cha plastiki chenye mfuniko, juu ya kabati na mbali na ukuta. Sanduku la bati hutoa jasho ndani usiku. Acha ukurasa mtupu kila baada ya ukurasa ulioandikwa. Watu watasahihisha, na masahihisho yao yahitaji nafasi, jina na tarehe.

Kwenye kompyuta, programu ya nasaba iitwayo Gramps ni ya bure na huhifadhi chanzo cha kila kauli. Hamisha mara kwa mara kwa GEDCOM, muundo wa faili wa pamoja wa programu za nasaba, ili programu nyingine iweze kusoma. FamilySearch, tovuti ya nasaba, nayo ni bure, lakini mti wake ni wa pamoja, yaani mtu usiyemjua anaweza kubadilisha ulichoandika, kwa hiyo nakala mama ibaki kwako. Walio hai usiwaweke hadharani: tarehe kamili ya kuzaliwa na jina la ukoo wa mama ndivyo vinavyoulizwa anapohakikiwa mtu kwa simu, na matapeli wanalijua hilo.